Masika haya, weka lengo la kilima kimoja

Masika yakianza Machi, wengi wetu hapa Mwanza tunatundika baiskeli za mbio ukutani hadi Juni. Usifanye hivyo. Ila pia usijiandikie "mwaka huu nitakuwa na kasi". Hilo si lengo, ni dua.

Chagua kitu kinachopimika. Mimi nilichagua mlima wa Bugando: kila baada ya wiki nne naupanda alfajiri kabla daladala hazijajaa, gia ileile, upepo wa tairi uleule, muda naandika kwenye daftari. Pima kabla hujaanza mazoezi, la sivyo hutajua umetoka wapi.

Katikati ya vipimo, safari nyingi ziwe za polepole. Barabara ya Musoma hadi Kisesa na kurudi yatosha, kwa mwendo wa kupiga soga. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Mazoezi makali siku moja au mbili kwa wiki, basi. Wiki ya nne punguza saa za mazoezi kwa karibu nusu, ndipo upime.

Mvua kubwa ikipiga, baki nyumbani uchuchumae na kuinuka, seti tatu. Lami iliyolowa mafuta ya malori haina urafiki na breki.