Kupima mwendo wa wimbo kwa librosa

Pakia wimbo kwa librosa.load. Usipoipa maelekezo mengine, maktaba hii ya Python huunganisha chaneli mbili kuwa moja na kushusha sampuli (vipimo vya sauti) hadi 22,050 kwa sekunde. Kwa kazi hii zinatosha kabisa. Tenga milio ya ngoma kwa librosa.effects.percussive, kisha peleka matokeo kwenye librosa.beat.beat_track.

Kosa sugu ni mwendo kusomwa nusu au mara mbili: wimbo wa mapigo 80 kwa dakika unatoka 160. Mdundo unaojirudia kila pigo hujirudia pia kila mapigo mawili, na programu huegemea 120 inapochagua. Kwa hiyo sikiliza, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara 4, uweke jibu kwenye start_bpm, kigezo cha beat_track cha mwendo wa kuanzia. Nyimbo za 6/8 (kila pigo hugawanyika mara tatu) ni korofi zaidi, maana namba inaweza kutoka mara moja na nusu, au hata mara tatu.

Ukitaka kutambua noti pia, jihadhari na nakala za kaseti: mkanda uliokwenda kasi hupandisha sauti zote. librosa.estimate_tuning hutambua mpotoko usiozidi robo toni, yaani nusu ya hatua kati ya noti mbili jirani za kinanda. Ukizidi hapo, linganisha kwa sikio na kinanda.