RS-485 kwenye Raspberry Pi: mwachie kerneli kazi ya kupokezana zamu

Kuunganisha Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) na mita ya umeme yenye RS-485 (njia ya kupitisha data kwa waya) si kazi kubwa. Waya za data ni mbili tu, A na B. Kinachowakesha mafundi ni jambo moja: laini inaachiwa lini, na nani anayeiachia. Waya zile zile ndizo zinazotuma na ndizo zinazopokea, kwa hiyo bodi na mita haviwezi kusema kwa wakati mmoja. Ni kama redio za mkononi za walinzi wetu hapa Goma: umemaliza kusema, kidole bado kimebana kitufe, mwenzako anajibu na wewe husikii kitu.

Nitatumia mfano wa kinu cha mahindi na mihogo huku Majengo. Mwenye kinu alitaka kuona kila jioni umeme uliokwenda kwenye mota. Aliniambia, "Fundi, miye nataka namba, si maneno." Mita imefungwa karibu na mota, bodi iko ndani ya ofisi yake, na kati yao kuna kebo ya mita 50 hivi. RS-485 inaweza kufika hata mita 1200 kwa mwendo mdogo, kwa hiyo umbali haukuwa tatizo.

Anza na chipu, ile inayobadilisha ishara za Pi kuwa za RS-485. Vijibodi vya bei nafuu huwa na MAX485, ambayo ni ya volti 5. Mguu wake wa RO (unaoipa Pi data iliyopokelewa) unaweza kutoa karibu volti 5, na pini za Pi zinavumilia 3.3 tu. Usiifunge moja kwa moja, hata kama umeona mtu kaifunga na bado inafanya kazi. Tafuta SP3485 au MAX3485, zinazokula volti 3.3.

Kisha funga hivi: pini 8 ya Pi (GPIO14) kwenye DI (mguu unaochukua data ya kutuma), pini 10 (GPIO15) kwenye RO, pini 1 kwenye umeme wa chipu, pini 6 kwenye ardhi yake. Miguu ya DE na RE iunganishe pamoja uipeleke pini 11 (GPIO17). DE ikipanda juu chipu inatuma. RE ikishuka chini chipu inasikiliza. Ukiziunganisha unapata swichi moja ya zamu.

Hapo hapo lehemu resista ya kiloomu 10 kutoka DE kwenda ardhi. Usiiruke hii. Umeme ukikatika na kurudi, Pi inachukua muda kuwaka, na muda huo wote pini 11 haina bwana. Bila resista, DE inaweza kuelea juu, na bodi yako ikaibana laini wakati vifaa vingine vinataka kusema.

Sasa upande wa Linux. Kwenye Pi 3 na Pi 4, UART (sehemu inayotuma na kupokea data baiti kwa baiti) nzuri imepewa Bluetooth, na pini zetu zimeachiwa ile ndogo. Hiyo ndogo haina pariti (biti ya kukagua makosa), na mwendo wake unafuata saa ya kiini cha GPU. Irudishe ile nzuri kwa kuandika mistari hii kwenye config.txt (iko ndani ya /boot/firmware kwa mifumo mipya, /boot kwa ya zamani):

enable_uart=1
dtoverlay=disable-bt
gpio=17=a3

Mstari wa tatu ndio unaoipa GPIO17 kazi ya RTS (ishara itakayopandisha na kushusha DE). Kisha fungua cmdline.txt ufute console=serial0,115200, la sivyo mita itamwagiwa maneno ya kuwasha mfumo kila bodi inapoanza. Washa upya, andika ls -l /dev/serial0, na uhakikishe inaelekea ttyAMA0.

Kabla ya kugusa mita, chomoa chipu, unganisha pini 8 na 10 kwa kipande cha waya, fungua picocom -b 9600 /dev/serial0 na uandike chochote. Herufi zikirudi, UART ni nzima. Zisiporudi, usiende mbele.

Tufike kwenye zamu yenyewe. Wengi huandika programu inayopandisha DE, inatuma, inalala kidogo, halafu inashusha DE. Tufanye hesabu. Kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde, baiti moja huchukua karibu milisekunde 1.04. Ombi la Modbus (lugha ya mita hii) la baiti 8 linamaliza kutoka baada ya milisekunde 8.3. Mita inatakiwa kungoja kimya cha herufi tatu na nusu, karibu milisekunde 4, kisha inaruhusiwa kujibu. Sasa programu yako imeagizwa ilale milisekunde 10, lakini Linux ina shughuli nyingine, inaiamsha baada ya 15. DE imebaki juu karibu milisekunde 7 kupita mwisho wa ombi. Jibu limeshaanza, na baiti ya kwanza imepotea. Ukipunguza usingizi, siku nyingine utakata mkia wa ombi lako mwenyewe, mita itaona CRC (namba ya kukagua ujumbe) mbovu na kunyamaza. Hakuna muda wa kulala ulio sahihi siku zote. Anayejua baiti ya mwisho imetoka lini ni draiva ya UART (programu inayoiendesha) ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, basi mwachie yeye, kwa Python na maktaba ya pyserial:

import serial, serial.rs485
p = serial.Serial('/dev/ttyAMA0', 9600, timeout=0.5)
p.rs485_mode = serial.rs485.RS485Settings(rts_level_for_tx=True, rts_level_for_rx=False)
p.write(bytes.fromhex('01 04 00 00 00 02 71 CB'))
print(p.read(9).hex())

Ombi hili linaiuliza mita namba 1 rejista zake mbili za kwanza, ambazo kwa mita hii ni volti. Jibu likianza na 010404 kisha 43663334, hizo baiti nne ni volti 230.2. Ukipata kosa la "Failed to set RS485 mode", draiva ya kerneli yako haijui RS-485; pandisha kerneli kwanza, usirudi kwenye usingizi.

Programu ikiwa wazi na haitumi kitu, pima DE kwa multimita: iwe karibu na sifuri. Ikiwa 3.3, badilisha True na False. Draiva hazikubaliani juu ya upande wa RTS, kwa hiyo amini multimita kuliko karatasi.

Ukimya mtupu mara nyingi ni A na B zilizogeuzwa, maana watengenezaji hawafuati alama moja. Zigeuze, haziungui. Ukisoma ombi lako mwenyewe badala ya jibu, RE imefungwa ardhini peke yake. Namba za ajabu ni mwendo au pariti isiyolingana na ya mita.

Kuhusu resista za omu 120 za mwisho wa laini (za kuzuia ishara kurudi nyuma): kwa mita 50 na mwendo wa 9600 mimi siziweki. Chipu hizi zikiachwa bila resista hujua laini imetulia, lakini resista hiyo huishusha tofauti ya A na B karibu na sifuri, chini ya milivolti 200 zinazohitajika, na takataka zinaanza kuingia. Laini ikiwa ndefu ziweke ncha zote mbili, pamoja na resista za kuivuta A juu na B chini.

Waya wa tatu wa ardhi ni lazima hapa kwetu. Mji umekaa juu ya lava, na nondo ya ardhi haizami vizuri kwenye mwamba mkavu, kwa hiyo ardhi ya kinu na ardhi ya ofisi zinaweza kutofautiana sana. RS-485 inavumilia kutoka volti −7 hadi +12 tu. Tumia jozi moja ya kebo ya Cat5 kwa A na B, na jozi nyingine yote kwa ardhi. Kivu nayo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani. Weka daiodi SM712, iliyotengenezwa kwa mipaka hiyo hiyo, kila ncha ya kebo, karibu kabisa na skrubu za A na B.