Vipimo vya kuhakikisha kabla hujafunga kifurushi cha posta

Mtu akitaka kutuma kitu kwa posta, huwaza uzito kwanza. Mizani ataitafuta; utepe wa kupimia hata haukumbuki. Kumbe kifurushi chepesi kama pamba kinaweza kukataliwa kaunta kwa ukubwa tu. Tuanze na utepe, basi.

Kwa barua zinazovuka mipaka, viwango huwekwa na Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa Bern mwaka 1874. Barua, pamoja na vile vifurushi vidogo vinavyosafiri katika kundi la barua, mwisho wake ni kilo 2. Urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, na upande wowote usipite sentimita 60. Ramani au bango lililoviringishwa lina hesabu yake: urefu ukijumlishwa na kipenyo mara mbili usizidi sentimita 104, na urefu peke yake usipite 90. Udogo nao una mpaka. Uso wa bahasha uwe angalau sentimita 9 kwa 14, kwa hiyo kabla ya kununua vile vibahasha vidogo vya kupendeza, vipime.

Kosa linaloniuma zaidi, kwa sababu linaepukika kabisa, ni la boksi lililovimba. Chukua boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Jumla yake ni 90 kamili, linapita. Sasa lijaze nguo, likandamize mpaka lifunge, ulipige selotepu, kisha upime upya. Ubavu umetuna, ile 20 imekuwa 22, na boksi halimo tena katika kundi la barua. Kaunta hawapimi kwa namba zilizochapwa na kiwanda. Wanapima pale palipotokeza. Pima boksi likiwa tupu, pima tena likishafungwa, na uwe na boksi la pili karibu. Kununua boksi jingine huku foleni inakusubiri nyuma ni adha ambayo simtakii mtu.

Likishatoka kwenye kundi la barua linakuwa kifurushi kamili, na hapo kipimo hubadilika. Pima upande mrefu kuliko zote, halafu zungusha utepe kiunoni mwa boksi upate mzingo, uvijumlishe. Boksi la 60 kwa 30 kwa 20 lina mzingo wa sentimita 100. Ongeza 60, unapata 160. Posta nyingine hukomea mita 2 kwa jumla hiyo na mita 1.05 kwa upande mrefu, nyingine hufika mita 3 na mita 1.5. Uzito nao, kwingine ni kilo 20, kwingine 30. Uliza kuhusu nchi kinakokwenda, si unakotumia tu, kwa sababu kiwango kidogo kati ya viwili hivyo ndicho kitakachokubana.

Vitabu vina nafuu: katika kundi la barua vinaruhusiwa hadi kilo 5, na maandishi ya nukta nundu ya wasioona hadi kilo 7.

Ukitumia kampuni ya usafirishaji wa haraka, fahamu kwamba nafasi nayo hulipiwa. Nyingi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5000. Lile boksi la 40 kwa 30 kwa 20 linatoa 4.8, kwa hiyo hata likiwa na kilo 1 ya vitu ndani, utatozwa kama la kilo 4.8. Tafuta boksi linalokaribiana na kitu chenyewe.

Mwisho, acha nafasi ya karatasi. Bidhaa zinazokwenda nje huhitaji fomu ya forodha, CN 22 au CN 23, na anwani zote mbili. Bandika vyote kwenye uso mpana, vilale bapa, bila kukunjwa kwenye kona.