Namna ya kubadili oili ya giaboksi ya oto mwenyewe nyumbani bila kuiua

Giaboksi ya oto watu wanaiogopa sana, mtu anabadili oili ya injini mwenyewe kila mara ila ya gia haigusi mpaka gari ianze kugoma kuingia D. Kumbe kumwaga ni rahisi tu, nati moja chini, oili inatoka, basi. Kinachoua giaboksi ni kwenye kurudishia, yani unaweka oili isiyo yake au unaweka kiasi sicho, kwahiyo akili yako yote iweke hapo.

Anza na aina ya oili kabla hata hujashika spana. Fungua kitabu cha gari, au chomoa dipstiki ya giaboksi uisome, magari mengi imeandikwa pale pale kwenye kishikio. Toyota za zamani kidogo nyingi zinakula Type T-IV na za baadae WS, Honda wana DW-1 iliyochukua nafasi ya Z1, Nissan wana Matic S, General Motors wana Dexron, na hizi sio mbwembwe za kuuza makopo, WS kwa mfano ni nyepesi kuliko T-IV na giaboksi imetengenezwa ikijua uzito huo. Muuzaji akikwambia hii inaingia gari zote mwambie asante halafu ondoka. Na kama gari yako ni CVT (oto isiyo na gia za hatua hatua) ndo kabisa, ile ina mkanda wa chuma unaoshikana na puli kwa msuguano na oili yake ni ya peke yake, ukiweka oili ya oto ya kawaida mkanda unateleza na hapo umeshanunua giaboksi nyingine.

Nunua pia wosha mpya ya nati ya kumwagia, tafuta faneli yenye mdomo mrefu mwembamba kwasababu magari mengi yenye dipstiki unajazia kwenye bomba lile lile la dipstiki, na dumu lenye alama za lita. Hilo dumu usilidharau, utaona mbele.

Endesha gari kama dakika kumi oili ipate uvuguvugu itiririke vizuri, ila usiifungue ikiwa imetoka safari ndefu, inaunguza vibaya. Paki sehemu tambarare, handibreki juu, zuia matairi, nyanyua, weka stendi. Chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake usiingie hata kama ni sekunde mbili.

Sasa kuna magari hayana dipstiki kabisa, yana nati ya kujazia ubavuni. Hiyo nati ifungue KWANZA kabla ya ile ya chini. Ukimwaga oili yote halafu ukagundua nati ya kujazia imeganda haifunguki, gari haina oili na huwezi hata kuipeleka kwa fundi.

Kingine, hakikisha nati unayoifungua ni ya giaboksi kweli. Hii inatokea kuliko unavyodhani, mtu anamwaga oili ya injini akidhani ni ya gia, anaongeza lita nne kwenye giaboksi iliyokuwa imejaa tayari na kuwasha injini ikiwa kavu, anaua vyote viwili kwa mkupuo. Fuatilia kwa macho sampo (lile bakuli la oili la chini) imeshikana na nini, na ukilegeza angalia rangi, oili ya gia huwa ni nyekundu, au kahawia ikizeeka, ila ikitoka nyeusi kama ya injini funga haraka ujiulize upya (CVT zingine oili yake ni kijani au bluu, usishtuke).

Iache idondoke mpaka ibaki tone tone. Inuse. Ikiwa na harufu ya kuungua ujue klachi za ndani zimeshapata moto. Nati zingine zina sumaku, na ukishusha sampo utakuta sumaku zingine ndani zimejaa tope laini la kijivu, hilo ni la kawaida kabisa, futa tu, ila ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha hapo kubadili oili hakutasaidia kitu. Ukishusha sampo badili na filta na gasketi humo humo, halafu zile bolti ndogo zianze kwa vidole zote, ndo ukaze kwa kuzungukia pande tofauti, taratibu, nyingi zinataka nguvu ya kukaza kama Nm 7 hadi 10 tu na zinaingia kwenye alumini, mkono mzito utang'oa nyuzi.

Oili iliyotoka iache ipoe kabisa ndo uipime kwenye dumu, kwasababu ya moto inavimba itakudanganya. Funga nati ya chini na wosha yake mpya, halafu kama zimetoka lita 3 na nusu, rudishia lita 3 na nusu ya kuanzia. Utashangaa mbona kitabu kinasema giaboksi inachukua lita 8, nyingine imebaki kwenye tokonveta (kile kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili) na mabomba ya kupozea, haitoki kwa kumwaga. Ukitoa 4 kati ya 8 umebadili nusu, ukiendesha siku kadhaa ukarudia unafika robo tatu. Mimi napenda njia hii ya kurudia kuliko mashine za kusukuma oili yote itoke kwa mara moja, hasa kwa gari ambayo haijabadilishwa miaka mingi. Ila kama gia zinateleza tayari usitegemee oili mpya itatibu klachi zilizokwisha.

Kupima ndo penyewe. Washa injini, kanyaga breki, pitisha gia P, R, N, D, kila moja sekunde chache, rudi P, endesha mpaka ipate moto, halafu chomoa dipstiki injini ikiwa inaunguruma, futa, rudisha, chomoa tena, oili iwe kati ya alama za moto. Honda nyingi ni kinyume, unazima kwanza ndo unapima mara moja, kwahiyo fuata kitabu. Zisizo na dipstiki unapima kwa nati ya kuchuruzika, ukiifungua oili iliyozidi inatokea hapo, na joto la oili lazima liwe sahihi, mara nyingi kati ya nyuzi 35 na 45, unalisoma kwa kile kiskana cha kuchomeka chini ya usukani. Ukipima ikiwa ya moto zaidi ya hapo imeshavimba, itachuruzika nyingi na utabaki na pungufu bila kujua. Pungufu inafanya pampu ivute hewa, ikizidi nayo inapigwa na gia mpaka inatoa povu, na povu halishiki presha, kwahiyo zote mbili gari inachelewa kuingia gia na inachemka. Ongeza kidogo kidogo, robo lita, pima tena.

Ukimaliza weka kadibodi chini usiku kucha uone kama kuna doa, na oili chafu irudishe kwenye makopo uliyonunulia uipeleke wanapopokea oili iliyotumika, usiimwage chini wala mtaroni. Baada ya kuendesha siku mbili tatu pima tena, mara nyingi inashuka kidogo.