Kuingia Ibada ya Wenzako Bila Kubabaika: Mwongozo wa Mpiga Picha wa Mwanza

Kazi yangu ni kupiga picha na video za harusi, ubatizo, maulidi na misiba hapa Mwanza mjini na kando ya ziwa. Wiki ya kawaida naweza kuwa msikitini Ijumaa, kwa Wasabato Jumamosi, na kwenye misa Jumapili. Wateja wangu wengi wana jamaa au marafiki wa dini nyingine, na maswali yao kabla ya shughuli yanafanana: nivae nini, nikae wapi, na nisipopiga magoti watanionaje?

Msimamo wangu ni huu: nenda kama mgeni, usiende kuigiza muumini. Wenyeji hawatarajii ujue kusali kama wao. Wanatarajia usiwakwaze, basi. Anayepata shida ni yule anayeiga kila kitu ili aonekane mstaarabu, mpaka anajikuta kwenye foleni asiyoijua inaishia wapi.

Hatua ya 1: Pata mwenyeji mmoja, umuulize mapema

Usiulize kundi zima la WhatsApp la kamati ya harusi, utapata majibu kumi yanayopingana. Mpigie aliyekualika na umuulize mambo manne: ibada inaanza saa ngapi hasa, wanaume na wanawake wanakaa pamoja au mbalimbali, viatu vinavuliwa au la, na kama picha zinaruhusiwa. Kama huna mwenyeji, fika nusu saa kabla, umwone katekista au mzee wa kanisa. Msikitini mwone imamu au mtu wa kamati. Waislamu wengi wa huku ni Sunni wa madhehebu ya Shafi, na kwao asiye Mwislamu anaingia msikitini kwa idhini ya Waislamu wenyewe, kwa hiyo kuomba ruhusa kwanza ndiyo njia yenyewe.

Kuhusu saa, wageni kutoka Dar es Salaam huwa wanajichanganya. Adhuhuri inafuata jua, na Mwanza jua linafika utosini kama dakika 25 baada ya Dar. Ukizoea saa za swala ya Ijumaa za Kariakoo utafika huku mapema, jambo ambalo halina ubaya. Ubaya ni kinyume chake, mtu wa Mwanza kualikwa Dar na kuingia khutuba ikiwa imeshaanza.

Hatua ya 2: Nguo

Hapa sina maneno mengi. Mabega na magoti yafunikwe, nguo isibane, soksi ziwe safi na zisiwe na tundu. Mwanamke abebe mtandio au khanga kwenye mkoba hata kama anakwenda kanisani, maana baada ya ibada shughuli inaweza kuhamia nyumbani kwa watu wengine. Mwanaume akiingia kanisani anavua kofia. Akiingia kwa Singasinga anafunika kichwa, na kitambaa chochote kinatosha. Msikitini kofia ni hiari kwa mgeni. Msalaba au rozari shingoni, siyo lazima uvue, ila uingize ndani ya shati.

Hatua ya 3: Mlangoni

"Shikamoo" inafungua kila mlango, haina dini. Ukisalimiwa "Tumsifu Yesu Kristo" kwenye parokia, Wakatoliki wanajibu "Milele, amina". Kwa Walutheri na walokole utasikia "Bwana Yesu asifiwe", nao wanaitikia "Amina". Kama wewe ni Mwislamu na hutaki kuitikia hivyo, sema "Asante, shikamoo baba", na hakuna atakayekununia. Mkristo akipewa "Asalaam aleikum" ajibu "Waaleikumu salaam" bila wasiwasi, ni kutakiana amani.

Mkono: kwa mtu wa jinsia nyingine, subiri yeye autoe kwanza. Asipoutoa, weka wako kifuani na uiname kidogo.

Hatua ya 4: Kiti

Hii ndiyo hatua watu wanayoipuuza, na ndiyo inayookoa mambo mengi. Kaa nyuma, lakini usikae mwisho kabisa, maana pale hutaona wenzako wanasimama lini na wanakaa lini. Safu ya tatu au ya nne kutoka nyuma inatosha. Kanisani kaa upande wa ukutani, siyo kwenye njia ya kati. Sababu ni kwamba benchi zima litainuka kwenda mbele, na ukikaa pembeni mwa njia utalazimika ama kwenda nao ama kuwaziba watu kumi kwa magoti yako.

Hatua ya 5: Ndani ya ibada yenyewe

*Kwa Wakatoliki.* Kwenye parokia nyingi kuna safari mbili za kwenda mbele. Ya kwanza ni sadaka, na mgeni yeyote anaweza kwenda kutia chochote kwenye kikapu au asiende. Ya pili ni komunyo, kupokea mkate mtakatifu, na hiyo ni ya Wakatoliki waliojiandaa. Katikati kuna mageuzo, padri anapoubariki mkate na divai, kengele inapogongwa na watu wote wamepiga magoti. Wewe kaa kimya tu, magoti siyo lazima. Benchi likianza kutoka kwenda kwenye komunyo, sogeza miguu pembeni, wapite, ubaki umekaa. Nimeshaona mtu anapanga foleni kwa sababu jirani yake alimkonyeza, kisha anasimama mbele ya padri hajui aseme nini. Padri wa watu akabaki ameshika hostia, yaani ule mkate, foleni nzima nyuma imesimama. Kubaki kwenye kiti hakumtukani mtu, na hata baadhi ya Wakatoliki wenyewe siku hiyo hawaendi.

Ukibahatika kuwa Bujora, pale Kisesa, wakati wa sikukuu ya Ekaristi (mkate huo wa komunyo) mwezi Juni, utaona maandamano ya Ekaristi, na sikukuu hiyo ndiyo inayofungua Bulabo, mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma. Watu wa kila dini wanakuja kuangalia ngoma. Ila maandamano yakipita, hayo bado ni ibada: watu wanapiga magoti hadi kwenye vumbi. Sogea pembeni, zima mazungumzo, teremsha simu. Ngoma ikianza, shangilia upendavyo.

*Kwa Walutheri, AIC (Africa Inland Church) na walokole.* Jiandae kusimama wageni wanapotambulishwa. Taja jina, unakotoka na aliyekualika, ukae. Usitoe hotuba. Kwa Walutheri, baada ya ibada, mara nyingi kuna mnada nje: kuku aliyefungwa miguu, trei ya mayai, mkungu wa ndizi, vyote vimeletwa kama sadaka. Mgeni anaruhusiwa kununua, na kwa kweli ndiyo njia nzuri ya kuwachangia wenyeji bila kuingia kwenye jambo la imani. Kuwa macho tu na mnadi, akishagundua wewe ni mgeni bei ya kuku inapanda kwa utani hadi unaona aibu kushuka.

Kwa walokole kuna jambo linalohitaji msimamo. Mwishoni mhubiri anaita wanaotaka kuokoka wanyooshe mikono au waje mbele. Muziki unapigwa taratibu, watu wamefumba macho, na mama aliye karibu nawe ameshakugusa bega. Kama moyoni hukukusudia, usinyooshe mkono kwa ajili ya adabu. Wenyeji wanalichukulia jambo lile kwa uzito. Watakuombea, wataandika jina lako na namba yako, na wiki ijayo watakupigia. Ukikubali kwa heshima tu, umewadanganya watu waliokupokea vizuri. Inamisha kichwa, kaa kimya, inatosha.

*Kwa Wasabato.* Sabato inaanza Ijumaa jua linapotua na kuisha Jumamosi jua linapotua. Kwa hiyo Ijumaa jioni usimpigie mwenyeji wako simu ya biashara, na Jumamosi pale kanisani usimuulize mtu bei ya nyavu. Asubuhi kuna Shule ya Sabato, ambako watu wanajadili somo kwa vikundi. Ukiulizwa maoni unaweza kusema wewe ni mgeni na unasikiliza. Kwa kawaida mara moja kila robo mwaka wana Meza ya Bwana, ushirika wao wa mkate na kikombe, na kabla yake wanatawadhana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Mkristo wa kanisa jingine anakaribishwa akitaka. Asiye Mkristo abaki amekaa.

*Msikitini siku ya Ijumaa.* Vua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, na uviweke kwenye rafu au uvigeuze vikielekea nje. Usipite mbele ya mtu anayeswali, zunguka nyuma yake hata kama ni mbali. Kama huswali, usijiunge na safu, maana unaacha pengo katikati ya watu wanaosimama bega kwa bega. Kaa nyuma ukutani.

Imamu akipanda mimbari, kimya. Siyo kimya cha kunong'ona. Mafundisho ya Kiislamu ni makali hapa: hata kumwambia mwenzako "nyamaza" wakati wa khutuba ni kosa. Basi usimuulize mwenyeji wako tafsiri ya aya palepale, na simu iwe imezimwa kabisa, kwa sababu hata mtetemo kwenye sakafu unasikika. Khutuba ni mbili, imamu anakaa kidogo katikati, kisha zinaswaliwa rakaa mbili. Baada ya salamu ya kumaliza swala wengine wanaendelea na swala za sunna, kwa hiyo usinyanyuke na kuanza kumwita rafiki yako kwa sauti. Mwanamke aulize mapema kama pana sehemu ya wanawake, misikiti mingine midogo haina.

*Kwa Wahindu na Singasinga.* Mwanza ina familia za asili ya Kihindi za miaka mingi, na mlango wao uko wazi kuliko watu wanavyodhani. Viatu nje kwa wote. Kwenye hekalu la Swaminarayan wanaume na wanawake wanakaa mbalimbali. Wakati wa arati, sinia lenye moto linapitishwa na watu wanapitisha viganja juu ya moto na kujigusa uso. Kama imani yako haikuruhusu, kunja mikono kifuani na uache sinia lipite. Kwa Singasinga, kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, kimewekwa juu ya jukwaa. Usinyooshe miguu kukielekea wala usikipe mgongo. Sigara na ugoro viache kwenye gari, usiingie navyo hata mfukoni.

Hatua ya 6: Chakula

Kwa Singasinga utakula langari: mmeketi sakafuni kwa safu, tajiri na bawabu sahani za aina moja, chakula hakina nyama, na hakuna anayelipa. Chapati pokea kwa viganja viwili. Chukua utakachomaliza.

Kwa Wahindu utapewa prasadi, kitu kitamu kilichotolewa kwanza mbele ya miungu. Wapo Wakristo na Waislamu ambao hawali, na nawaelewa. Weka mkono wa kulia kifuani useme "asante, naomba unisamehe". Kupokea kisha ukaitupa kwenye chungu cha maua pale nje ni kosa kubwa kuliko kukataa.

Ukitaka kupeleka zawadi ya samaki, fikiri kidogo. Msabato hali samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambale hapana. Sato na sangara wana magamba na mapezi, hao ni salama. Washia Ithnaashari, dhehebu mojawapo la Waislamu, nao wanaangalia magamba hayohayo. Kwa jamii ya Swaminarayan usipeleke samaki kabisa, peleka matunda. Kwa Mwislamu wa Sunni samaki wa ziwani hawana neno, ila kuku umpeleke akiwa hai, achinje mwenyewe.

Hatua ya 7: Picha

Mimi nikiwa kazini nafuata ratiba niliyokubaliana na kiongozi wa ibada. Mgeni mwenye simu asifanye kama mimi. Usipige picha watu wamesujudu, wakati wa mageuzo, wala mtu anayelia akiombewa. Flashi izime. Kwenye nikaha bibi harusi mara nyingi yuko chumba kingine na wanawake, na picha za chumba kile si za kurusha mtandaoni bila idhini ya familia, hata kama waliokupigia picha hizo ni dada zako. Bwana harusi akiwa mbele ya shehe na walii (anayemwozesha) wa binti, na mashahidi wawili wakisikiliza, nyamaza mpaka akubali ndoa kwa kauli yake. Vigelegele vije baada ya hapo.

Hatua ya 8: Msiba

Msiba hauna muda wa kuuliza maswali, kwa hiyo haya ya msingi yajue kabisa. Waislamu wanazika haraka, mara nyingi siku ileile, usingoje kutangaziwa ratiba ya siku tatu. Swala ya jeneza inaswaliwa watu wamesimama tu, haina kuinama (rukuu) wala kusujudu (sijida), ina takbira nne, yaani "Allahu Akbar" mara nne. Asiye Mwislamu asimame nyuma au pembeni akiwa kimya. Wakati wa kubeba jeneza wanaume wanapokezana begani, nawe ukiwa jirani wa marehemu unaweza kuuliza kama utapokea, wengi watakuachia nafasi. Kwa kawaida wanawake hawaendi makaburini, wanabaki nyumbani na wafiwa, na mwanamke mgeni abaki nao.

Kwa Wakristo ibada ni ndefu zaidi, kuna wasifu wa marehemu, salamu za rambirambi na kwaya. Ukipewa udongo uweke kaburini, weka. Ukipewa shada kwa niaba ya ofisi, taja ofisi, usianze mahubiri. Pesa ya rambirambi usimtilie mfiwa mkononi. Mtafute aliyekaa na daftari, kwa kawaida yuko chini ya turubai karibu na mlango, aandike jina lako na kiasi, ndipo uende kuwapa wafiwa pole.