Kwenda kuchimba ughaibuni: mwongozo kwa mwanafunzi wa akiolojia

Wanafunzi wengi wakitafuta kambi ya mafunzo ya uchimbaji nje ya nchi huangalia kwanza umaarufu wa eneo. Anza na namna wanavyofundisha. Kwenye ngome ya Kirumi yenye jina kubwa unaweza kumaliza msimu mzima ukisukuma toroli, ilhali kwenye shamba lisilojulikana ukaachiwa kuchora, kupiga picha na kujaza rekodi kwa mkono wako. Kabla ya kulipa ada, andika barua pepe uulize: msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi? Fomu za rekodi hujazwa na nani? Kuna siku za kuosha na kupanga vigae? Ada inabeba chakula na malazi? Wanafunzi wakizidi wanane kwa msimamizi mmoja, hakuna atakayeyaona makosa yako kwa wakati. Uliza pia idara yako kama kozi hiyo itahesabiwa kwenye matokeo yako, na upate jibu kwa maandishi.

Kwa Italia, Ugiriki au Hispania utahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15; usisubiri huko mwisho, kwa sababu miadi ya ubalozini huisha mapema. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Nunua mwiko wa kuchimbia, unaofanana na wa mwashi, wa inchi 4, ambao bapa na shingo yake ni chuma kimoja. Ule uliounganishwa kwa ribiti hukatika shingoni ukikutana na udongo mgumu. Uweke kwenye begi la kupakiwa, maana ukiubeba mkononi utanyang'anywa kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege. Ongeza penseli ngumu za 4H au 6H. Laini huchafua karatasi ya plastiki inayotumika kuchorea.

Ukiwa bado nyumbani, jizoeze kupima mraba wa mita 1 kwa kamba na vigingi. Pande zote nne zikiwa sawa, pima ulalo: usipopata sm 141.4, mraba wako umepinda. Ni zoezi la nusu saa, lakini litakuondolea woga wa siku ya kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Kwingi Afrika Mashariki mwanafunzi huzoea kuchimba kwa vina vilivyopangwa, sm 5 au 10 kila kimoja. Uingereza kwa kawaida hufuata tabaka lenyewe, liwe nene au jembamba, na kila tukio ardhini hupewa namba yake. Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Chukua shimo la nguzo: tundu lililochimbwa lina namba yake, na udongo ulioingia baadaye una nyingine, kwa kuwa kuchimba na kujaa ni matukio mawili tofauti. Toa nusu tu ya udongo huo. Nyoosha ukuta uliobaki, piga picha ukiwa na kipimo na mshale wa kaskazini, uchore kwa skeli ya 1:10, ndipo utoe nusu ya pili. Ukitoa yote kwa pamoja, hakuna wa kuirudisha sura ile.

Kwangua kwa makali ya mwiko ukivuta kuelekea kwako, huku ukirudi nyuma usikanyage ulikosafisha. Udongo ukikauka rangi hufifia na mipaka ya tabaka hupotea. Nyunyiza maji kidogo. Kigae kikichomoza ukutani kiache. Ukikichomoa hakitakuwa tena na tabaka lake, na bila tabaka ni kipande cha chungu tu.

Lipo jambo gumu kuliko udongo. Wengi wetu tumelelewa kuitikia "ndiyo" mbele ya mkubwa hata tusipoelewa. Shimoni heshima ya namna hiyo huharibu ushahidi. Zoea kusema mapema: "Sijaelewa, nionyeshe tena." Wakufunzi wazuri hufurahia swali hilo, na ukilizoea huko utalitumia hata kwenye semina za chuo chako.

Kila jioni gawa ukurasa wa daftari pande mbili. Kushoto andika ulichokiona: "udongo mweusi, laini, vipande vya mkaa chini ya sm 1, mpaka wazi upande wa mashariki." Kulia andika unachodhani: "jiko?" Kesho huenda likawa shimo la mzizi ulioungua. Utafuta kulia, kushoto kutabaki na thamani yake. Ukianza na neno "jiko", macho huacha kutafuta kingine. Kukosolewa nako huuma siku za kwanza, kisha unazoea kubadili mawazo bila kuona aibu. Kwa maoni yetu hakuna somo kubwa kuliko hilo katika safari nzima.

Usirudi na kigae wala gramu ya udongo bila kibali. Sheria za mambo ya kale huko ni kali kama zilivyo kwetu. Kabla ya kuondoka omba ruhusa ya maandishi ya kutumia picha na michoro yako, na barua ya msimamizi inayotaja kazi ulizofanya moja moja. Ripoti yako iandike ndani ya wiki mbili, daftari likiwa bado linasomeka kichwani.