Finchi wanataga ila hawatotoi? Anza hapa kabla hujatupa mayai

Jamaa mmoja hapa Nyegezi, Mwanza, kanitumia picha, mayai tisa kwenye kiota kimoja cha zebra finchi, wale ndege wadogo wa kufuga, furaha tele, nikamwambia kaka usifurahi hapo huenda una majike mawili. Jike mmoja kwa kawaida anataga manne mpaka sita, moja kwa siku, ukikuta tisa mara nyingi ni mabinti wawili wamejenga nyumba moja na huenda dume hakuna. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia vitamini angalia jinsia kwanza. Dume ana mashavu ya rangi ya chungwa, ubavuni kahawia yenye madoa meupe, mdomo mwekundu kama pilipili, jike ni kijivu na mdomo wake umefifia. Weupe kabisa ndo wanasumbua, hao angalia mdomo na utege sikio, anayeimba ni dume.

Haya, una dume kweli, sasa mulika mayai uone ndani. Hesabu siku kuanzia walipoanza kulalia, sio yai la kwanza, maana wengi hawatulii kiotani mpaka yai la tatu au la nne, ndo unashika yai limepoa unadhani limekufa kumbe halijaanza hata. Siku ya sita hivi chukua tochi ya simu, mikono mikavu na taratibu, yai lenyewe kama punje ya harage. Ukiona mishipa myekundu imetambaa kama mizizi, rudisha haraka, kuanzia siku ya 12 mpaka 14 subiri vifaranga. Ukiona limeng'aa na kivuli cha njano tu, halina mbegu. Ukiona duara la damu bila mishipa, mbegu ilikuwepo ila kifaranga kimefia mwanzoni, hilo ni tatizo jingine usichanganye.

Yasiyo na mbegu mara nyingi ni dume mchanga (subiri afike miezi sita, tisa ndo vizuri zaidi) au kijiti wanachotulia kinacheza. Usicheke. Mi nilifunga vijiti kwa uzi wa nyavu, ndege akitua kinazunguka, dume akipanda anateleza, awamu tatu mayai hayana mbegu nikawa nalaumu chakula. Nikakaza kwa waya, awamu iliyofuata matatu kati ya matano yakatotolewa.

Vifaranga vinavyofia ndani ya yai angalia joto, hasa sisi tuliojenga mlimani, bati juu na jiwe nyuma, lile jiwe linakunywa jua mchana kutwa linalitema usiku, kiota kikiwa karibu na bati mayai yanaiva. Kingine utitiri, panya wanaowatimua usiku jike anaacha mayai yanapoa, na kuoanisha kaka na dada. Halafu wakishataga tu toa nyasi zote bandani, finchi wakiona nyasi wanaendelea kujenga, wanafukia mayai na kutaga mengine juu yake.

Chakula sio uwele na ulezi peke yake. Ongeza yai la kuchemsha, kumbikumbi wakitoka, na maganda ya mayai yaliyokaushwa kwenye moto ukayasaga, hiyo ndo kalsiamu yao. Dagaa wa kusaga kidogo sawa, ila wale walioanikwa chini wana mchanga, chekecha.

Na mayai yasiyo na mbegu usiyatoe siku hiyohiyo! Ukitoa anataga tena fasta, na huku kwetu mchana una urefu wa kama masaa 12 mwaka mzima hakuna msimu wa kumsimamisha, atataga mpaka aishe. Mwache alalie mpaka achoke mwenyewe, kisha ondoa viota, tenganisha dume na jike miezi miwili, awamu tatu kwa mwaka zinatosha. Ukimkuta jike kakaa chini, kavimba manyoya na anajikamua, yai limemkwama, muweke kwenye boksi lenye joto muda huohuo na umtafute daktari wa mifugo, usingoje kesho.